Video Inapokwama Sebuleni: Namna ya Kusoma Dalili Kabla ya Kugusa Mipangilio

Ujumbe unaotokea kwenye runinga filamu inapokwama ni shahidi asiyeaminika. Programu nyingi za video hujua kusema jambo moja tu, kwamba kuna tatizo la mtandao, hata pale ambapo mtandao ni mzima na kilichoharibika ni saa ya runinga, cheti cha usalama kilichokwisha muda au umeme usiotosha kwenye kifaa. Matokeo yake ni kwamba watu hugombana na mtoa huduma wa intaneti, huongeza kifurushi wasichokihitaji, na wengine hufuta kila kitu na kurejesha mipangilio ya kiwandani, ilhali dalili yenyewe ilikuwa imeshaonyesha penye hitilafu.

Video huanzia kwenye seva ya huduma, hupita kwa mtoa huduma wa intaneti, huingia kwenye ruta, hufika kwenye kifaa kinachoifungua, iwe ni runinga yenyewe, boksi la Android au kijiti kinachochomekwa kwenye HDMI, na mwisho huonekana kwenye kioo na kusikika kwenye spika. Kutafuta tatizo ni kujua ni kipande kipi cha njia hiyo kina kasoro. Fungua video ileile kwenye simu, kwa Wi-Fi ileile, ukiwa umesimama palepale ilipo runinga. Ikikwama na huko, tatizo liko kwenye ruta au nyuma yake. Ikienda vizuri, ruta haina kosa, na hapo shughulika na runinga.

Video inasimama na kuanza tena

Kiwango cha kasi kinachohitajika si kikubwa kama matangazo yanavyotufanya tuamini. Netflix hupendekeza Mbps 3 (megabiti kwa sekunde) kwa picha ya 720p, yaani HD ya kawaida, Mbps 5 kwa 1080p, iliyo kali zaidi, na Mbps 15 kwa 4K, iliyo kali kuliko zote hizo. Mtu mwenye kifurushi cha Mbps 20 ambaye filamu yake inakwama hana sababu ya kununua cha 40 kabla hajajua hizo 20 zinapotelea wapi. Apime kasi kwenye runinga yenyewe, au kwa simu iliyowekwa juu ya meza ya runinga, wala si kando ya ruta ambako kila kipimo hupendeza. Tovuti ya fast.com inafaa kwa kazi hii, kwa kuwa ni ya Netflix na hupima kwa kupakua data kutoka kwenye seva za Netflix zenyewe. Tukiwa hapo, kasi huuzwa kwa megabiti ilhali kompyuta nyingi huonyesha upakuaji kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Malalamiko mengi ya kuibiwa kasi huishia kwenye hesabu hiyo.

Wakati wa tukio nao ni ushahidi. Video ikikwama kati ya saa mbili na saa nne usiku tu, na mchana kutwa ikawa shwari, hiyo kwa kawaida ni dalili ya msongamano, ama kwa mtoa huduma, ama hewani miongoni mwa ruta za majirani. Ili kuvitenganisha, unganisha kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye ruta saa hizohizo za usiku; kasi ikiwa nzuri kwenye waya na mbaya kwenye Wi-Fi, mtoa huduma amefanya kazi yake. Tatizo likianza kila mwezi unapoelekea ukingoni, soma masharti ya kifurushi, kwa sababu vifurushi vingi vinavyouzwa kama visivyo na kikomo hushushwa kasi baada ya kiasi fulani cha matumizi. Saa moja ya Netflix kwa HD hula hadi GB 3, na kwa 4K hadi GB 7, kwa hiyo nyumba inayotazama HD kwa saa nne kila siku inaweza kufikisha GB 360 kwa mwezi bila mtu yeyote kujiona mfujaji.

Dalili nyingine inayopotosha ni YouTube kwenda vizuri huku huduma nyingine ikikwama. Watu huhitimisha kwamba intaneti ni nzima na programu ndiyo mbovu, lakini kampuni kubwa kama Google na Netflix huweka nakala za video zinazotazamwa sana ndani ya mitandao ya watoa huduma, karibu na mtazamaji, ilhali huduma ndogo inaweza kuwa inavuta kila kitu kutoka Ulaya kupitia nyaya za chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko katika ukanda huu, na siku kama hiyo hakuna mpangilio wa ruta unaoweza kusaidia. Kwa sababu hiyohiyo, anayetumia VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye kituo cha mahali pengine, na aizime kwanza kabla ya kulaumu lolote, kwani VPN yenye kituo chake Ulaya humnyima ile nakala ya karibu na kumpeleka kuifuata ya mbali.

Baada ya hapo ndipo ugeukie Wi-Fi yenyewe. Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri kiasi, lakini yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na yanashirikiwa na Bluetooth, maikrowevu na ruta za jengo zima. Hata diski ya USB 3.0 iliyochomekwa nyuma ya boksi inaweza kuyavuruga, jambo ambalo Intel ililieleza kwa kina mwaka 2012. Ikiwa video hukwama tu wakati diski imechomekwa, isogeze mbali kwa waya mrefu kidogo. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa na kasi zaidi, lakini ukuta wa zege huyachosha haraka. Runinga ikiwa chumba kimoja na ruta, au nyuma ya ukuta mmoja, tumia 5. Kuta zikizidi mbili, usipoteze jioni yako ukigeuzageuza antena, vuta waya. Na ruta isifichwe nyuma ya runinga wala ndani ya kabati la chuma kwa sababu tu taa zake zinakera.

Tundu la waya wa mtandao kwenye runinga nyingi, hata za bei kubwa, huishia Mbps 100, hivyo kipimo cha kasi kinaweza kuonyesha namba ndogo kwa waya kuliko kwa Wi-Fi. Usishtuke. Kwa filamu inayohitaji Mbps 15, uthabiti wa waya una faida kuliko namba kubwa inayopanda na kushuka.

Kipo pia kipimo ambacho watu wachache hukigusa. Ndani ya YouTube, kwenye mipangilio ya video inayochezwa, upo ukurasa wa takwimu za kiufundi unaotokea juu ya picha. Tazama mistari miwili: mmoja unaonyesha ni sekunde ngapi za video zimeshapakuliwa na kusubiri, mwingine unaonyesha idadi ya fremu zilizoachwa, yaani picha mojamoja za video zilizorukwa bila kuonyeshwa. Akiba ikishuka hadi sifuri kila inapokwama, mtandao ndio unaochelewa. Akiba ikiwa sekunde 30 au zaidi huku fremu zilizoachwa zikiongezeka na picha ikikatakata, mtandao umeleta kila kitu na ni kifaa kinachoshindwa kuchambua video hiyo. Hapo kuongeza kifurushi ni kutupa fedha. Punguza ubora wa picha, funga programu nyingine, au badilisha kifaa.

Picha haifikii ubora uliolipiwa

Huduma za leo hupandisha na kushusha ubora zenyewe kulingana na kasi, kwa hiyo sekunde chache za ukungu mwanzoni mwa filamu si tatizo. Ukungu usiokwisha ndio wa kuchunguzwa. Angalia kwanza daraja la akaunti, kwa maana baadhi ya vifurushi haviruhusu 4K hata kidogo, kisha angalia kama mtu aliwahi kuwasha mpangilio wa kuokoa data kwenye wasifu huo na kuusahau.

Ikiwa kifaa ni boksi la Android la bei nafuu, yale yanayopangwa kwa wingi kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, sababu inaweza kuwa nyingine ambayo haiwezi kurekebishwa. Filamu za kulipia hulindwa kwa mfumo wa Google uitwao Widevine, wenye ngazi. Kifaa cha ngazi ya L1 hufungua kufuli ndani ya sehemu salama ya kichakato chake. Kifaa cha L3 hufungua kwa programu tu, na kwenye vifaa vya Android Netflix humpa huyo wa L3 picha ya ubora wa kawaida, takriban 480p, hata kama boksi limeandikwa 4K kwa herufi za dhahabu na YouTube inafika 4K kweli. Programu ya bure iitwayo DRM Info huonyesha ngazi hiyo kwa mara moja. Ikisoma L3, sahau habari ya mipangilio. Ushauri wangu ni kutonunua boksi lisilo na Android TV au Google TV iliyoidhinishwa, na sababu si picha peke yake: mwaka 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, programu hasidi iliyokutwa kwenye maboksi ya aina hii, mengine yakiwa yameambukizwa kabla hayajamfikia mnunuzi.

Kwa 4K inayopitia HDMI kuna jambo moja la ziada. Kila kilicho katikati, ikiwemo saundibaa, lazima kikubali HDCP 2.2, ulinzi unaozuia video kunakiliwa ikipita kwenye waya, la sivyo picha hushuka au kioo huwa cheusi huku sauti ikisikika. Chomeka boksi moja kwa moja kwenye runinga. Picha ikirudi, umempata mhusika.

Kijiti kinajizima na kujiwasha

Filamu inaendelea, mara kioo kinakuwa cheusi, nembo ya kijiti inatokea kana kwamba ndiyo kwanza kimewashwa, na baada ya dakika moja uko ukurasa wa mwanzo. Wengi hudhani kimekufa. Fuata waya wake wa umeme kwa mkono hadi mwisho: mara nyingi utaukuta umechomekwa kwenye tundu la USB la runinga, kwa sababu liko karibu na sebule inaonekana nadhifu. Tundu la kawaida la USB 2.0 linatarajiwa kutoa nusu ampea tu, na kijiti kikianza kuchambua picha nzito huhitaji zaidi ya hapo, umeme hupungua, nacho huanza upya. Kichomeke kwenye ukuta kwa adapta iliyokuja nacho, na kwa waya wake uleule, kwa sababu nyaya nyembamba za kuokota nazo hupoteza umeme njiani. Ikiwa tabia haijabadilika, gusa kijiti chenyewe. Kikiwa cha moto mno, tumia kile kipande kifupi cha HDMI kinachokuja nacho ili kisibanwe na mgongo wa runinga.

Wi-Fi imeunganishwa, programu inasema hakuna intaneti

Hii ndiyo dalili inayoonea watu kuliko zote. Kabla ya jambo lolote, tazama tarehe na saa ya runinga. Umeme ukikatika, baadhi ya runinga na maboksi hurudi kwenye tarehe ya miaka ya nyuma, na kwa kuwa mawasiliano ya siri na seva hutegemea vyeti vyenye tarehe ya kuanza na kuisha, kifaa kinachoamini kwamba tuko mwaka 2015 hukataa vyeti vyote vya leo kuwa bado havijaanza. Programu, badala ya kusema saa yako si sahihi, inasema hakuna mtandao. Weka saa ichukuliwe kutoka intaneti. Isipokubali, iandike kwa mkono kisha uzime na kuwasha.

Saa ikiwa sahihi, huenda cheti kilichokwisha ni cha upande wa pili. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha zamani kilichotegemewa na Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti vya tovuti, kilifikia mwisho, na vifaa vikongwe visivyopokea masasisho vilishindwa kufungua tovuti nyingi kuanzia siku hiyo. Machi 2025 ikawa zamu ya Chromecast ya kizazi cha pili: cheti kimoja cha kati kilikwisha muda, na vijiti vilivyokuwa vizima jana yake vikaanza kutangazwa kuwa haviaminiki. Google iliwataka watumiaji wasirejeshe mipangilio ya kiwandani wakati marekebisho yakiandaliwa, na waliokuwa wameshafanya hivyo walijikuta hawawezi kukisajili kifaa upya. Kwa hiyo kifaa kilichokuwa kizima kikigoma ghafla bila wewe kugusa kitu, tafuta kwanza kama wengine wenye aina hiyohiyo wanalalamika siku hiyo. Ikiwa wapo, kiache kama kilivyo.

Wakati mwingine jibu ni kwamba huduma imekiacha kifaa. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya runinga za Samsung za 2010 na 2011. Kioo cha namna hiyo bado ni kizuri. Kichomekee kijiti kipya na kisahau kuwa kiliwahi kuitwa runinga janja.

Simu haiioni runinga

Ni lazima simu na runinga viwe kwenye mtandao mmoja, na hapo ndipo watu hukosea kwa sababu majina hufanana. Simu inaweza kuwa imehamia kwenye bando lake bila kutoa taarifa, au iko kwenye Wi-Fi ya wageni, ambayo kwa makusudi huvizuia vifaa kuonana. Nyumba yenye ruta mbili, ya pili ikiwa imenunuliwa ili kufikisha Wi-Fi chumbani, mara nyingi huwa na mitandao miwili tofauti. Ruta ya pili ibadilishwe iwe kisambazaji (access point) tu. Zima VPN kwenye simu pia. Na ukiona kwamba simu ikizima filamu haizimi, si kasoro: kwa huduma nyingi simu hutoa agizo tu, kisha runinga huivuta video yenyewe kutoka intaneti.

Filamu za kwenye diski au seva ya nyumbani

Anayehifadhi video zake kwenye kompyuta na kuzitazama kupitia Jellyfin au Plex, programu zinazoigeuza kompyuta kuwa seva ya video ya nyumbani, hukutana na tatizo linaloonekana kama la mtandao ilhali ni la lugha ambayo runinga haiijui. Runinga ikiweza kulisoma faili lilivyo, seva hulituma tu na hata kompyuta dhaifu hutosha. Isipoweza, seva hulazimika kuligeuza papo hapo, kazi nzito inayolemea kichakato kidogo hadi video ikaanza kukwama. Dashibodi ya Jellyfin hueleza wazi kama faili linalotazamwa linageuzwa na kwa sababu gani, kwa hiyo ifungue wakati tatizo likiendelea.

Sababu inayowashangaza wengi ni manukuu. Filamu inakwenda vizuri, mtu anawasha maandishi ya chini, na hapo hapo inaanza kukwama. Manukuu yaliyonakiliwa kutoka kwenye diski za Blu-ray si maandishi bali ni picha ndogondogo, na runinga isiyoweza kuzionyesha huilazimisha seva kuzichora juu ya kila fremu na kuitengeneza video yote upya. Tafuta faili la manukuu la aina ya SRT, ambalo ni maandishi matupu, lipe jina sawa na la filamu, liweke kwenye folda ileile, kisha chagua hilo.

Picha ikionekana bila sauti, shuku DTS, aina ya sauti inayotumika kwenye filamu nyingi za diski. Samsung iliiondoa kwenye runinga zake kuanzia za 2018, na LG iliiondoa kwenye za 2020 hadi 2022 kabla ya kuirudisha. Sauti ikiwepo bila picha, mara nyingi video imebanwa kwa mbinu ya H.265 na runinga ni ya kabla ya teknolojia hiyo kuenea. Na fleshi inayokataa kupokea filamu ya GB 5 ingawa ina nafasi tele imepangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, usiobeba faili linalofikia GB 4. Ipange upya kwa mfumo mpya zaidi wa exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo, ukihakikisha kwanza kwamba runinga inaisoma.

Midomo na sauti havilingani

Kwa mujibu wa pendekezo la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, watazamaji huanza kugundua sauti inapotangulia picha kwa takriban milisekunde 45 au kuchelewa kwa takriban 125. Spika za Bluetooth huvuka kiwango hicho cha pili kwa urahisi. Mpangilio wa kuchelewesha sauti uliomo kwenye runinga hautasaidia hapa, kwa sababu unaweza tu kuongeza ucheleweshaji; unafaa pale sauti inapotangulia. Tumia waya, au tundu la HDMI lililoandikwa ARC, linalorudisha sauti ya runinga kwenye spika, na kwenye mipangilio washa udhibiti wa vifaa kupitia HDMI, ambao Samsung huuita Anynet+, LG huuita Simplink na Sony huuita Bravia Sync, kana kwamba lengo lao ni kumchanganya mnunuzi.

Milio ikitikisa nyumba huku mazungumzo hayasikiki, chagua sauti ya stereo (njia mbili) badala ya 5.1 (njia sita) ndani ya programu. Runinga yenye spika mbili hukunja njia zote sita kuwa mbili, na mara nyingi mazungumzo ndiyo yanayozama.

Kurejesha mipangilio ya kiwandani

Hatua hii ina maana pale tu programu zinapojifunga zenyewe hata baada ya kufuta data zake za muda (cache), kuongeza nafasi ya hifadhi na kusasisha mfumo. Kabla ya kuibonyeza, hakikisha una nenosiri la kila akaunti, kwa kuwa kuliandika kwa rimoti ni adhabu; inapowezekana chagua kuingia kwa msimbo kupitia simu. Kwenye runinga ya zamani, fungua duka la programu na uhakikishe kwamba kila unachokitumia bado kimo. Programu iliyoondolewa dukani huendelea kufanya kazi wakati mwingine kwa aliyekuwa nayo, lakini ikishafutwa hairudi.